Taa za LED kwenye IST: nichukue 4300K, 6000K au za njano?

mtoto_wa_chalinze
Habari za saa hizi wakuu. Naomba mawazo yenu kwenye hili la taa maana wauzaji wameshanichanganya. Nina Toyota IST ile old model, taa kubwa ni balbu za H4 za kawaida (halojeni) zile za njano njano, na kwa kazi yangu naendesha sana usiku, Dar – Iringa na mara nyingine nafika mpaka Makambako, sasa mwanga umekuwa hafifu mno yaani nikipishana na basi lililowasha fulu hapo ndo sioni hata mstari wa pembeni, nabaki nakisia tu barabara iko wapi.

Nimezunguka Gerezani kutafuta LED. Duka la kwanza jamaa kaniambia chukua 6000K, nyeupe kama za gari mpya. La pili kanionesha 8000K ina kabluu fulani hivi, anasema hiyo ndo kali kuliko zote si unaona namba yake kubwa. Wa tatu ana 4300K anasema wanaojua ndo wanachukua hizo. Halafu pembeni kuna kijana ana zile za rangi tatu, ukizima na kuwasha swichi haraka inabadilika toka nyeupe kwenda njano.

Maswali yangu: hiyo K ikiwa kubwa ndo mwanga unakuwa mwingi? Au ni joto? Maana naogopa reflekta (ile sehemu inayong'aa ndani ya taa inayorusha mwanga mbele) ni plastiki isije ikayeyuka. Na kule Kitonga mpaka Mafinga asubuhi kuna ukungu wa maana, nyeupe itafaa kweli? Na trafiki je? Bei sio tatizo sana ilimradi nisinunue mara mbili.

fundi_waya
Mkuu karibu. Nianze na hiyo K maana ndo inawaliza wengi. K ni Kelvini, inaelezea RANGI ya mwanga basi, haikwambii mwanga ni mwingi kiasi gani na wala haikwambii balbu inachemka kiasi gani. Ni kama chuma kwenye moto wa mhunzi, kikianza kushika moto kinakuwa chekundu, kikizidi kinaenda njano, kikizidi tena kinakuwa cheupe, ndo wakachukua hiyo nyuzi joto wakaifanya jina la rangi. Mshumaa uko kama 1900K, halojeni yako hiyo ya H4 iko kwenye 3200K hivi, zenoni (taa za gesi) zinazokuja na gari toka kiwandani nyingi ni 4300K, jua la mchana liko kwenye 5500K, na kuanzia 8000K kwenda juu unaona bluu. Kwa hiyo LED ya 8000K haina joto kuliko ya 4300K, usiogope reflekta kwa sababu hiyo.

Wingi wa mwanga unaitwa lumeni. H4 halali ya wati 60/55 inatoa kama lumeni 1000 kwenye dimu (mwanga wa chini) na 1650 kwenye fulu. Sasa ukikuta boksi limeandikwa 200W lumeni 20,000 cheka tu urudishe kabatini. Wati 200 kwa volti 12 ni karibu ampea 17 kwa balbu moja, fyuzi ya taa kwenye gari ndogo ni ampea 10 au 15, ingekuwa kweli ungenunua fyuzi kila jioni.

Sasa kwa nini 8000K inadanganya watu. LED nyeupe ndani yake ni chipu ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu, ndo maana ukiishika balbu ikiwa imezimwa ukaangalia vile vichipu unaona ni vimraba vya njano. Bluu ikipita kwenye unga inachanganyika inakuwa nyeupe. Unga ukiwa mwingi mwanga unakuwa wa njano zaidi (3000K vimraba vyake vinakaribia rangi ya chungwa), unga ukiwa kidogo bluu inavuja na namba ya K inapanda. Kwa hiyo hiyo 8000K hujapewa mwanga wa ziada hapo, umepewa bluu ya ziada, na bluu ndo inayochoma macho ya anayekuja mbele yako na yako mwenyewe kukiwa na mvua. Usichukue.

Kwa njia yako ya Dar mpaka Makambako mimi ningechukua 4300K mpaka 5000K kwenye taa kubwa. Udongo, majani, ng'ombe, mtu aliyevaa nguo ya kaki pembeni ya barabara, vyote vinaonekana kwa rangi zake vizuri kuliko kwenye 6500K ambapo kila kitu kinakuwa na ka-weupe fulani ka maziwa.

Lakini rangi ni nusu ya habari. Nusu nyingine naiandika hapo chini nikitoka gereji, kuna Noah hapa inanisubiri.

crown_boy
Watu mnapenda kumtisha mwenzenu bure. Mi natumia 6500K mwaka wa pili huu, gari inapendeza usiku hadi watu wanageuka, mjini hapa Sam Nujoma, Bagamoyo road naona kila kitu safi kabisa. 4300K utaweka watu wataona hujabadilisha kitu, hela imepotea. Chukua 6000K kijana achana na fizikia za mafundi.

mzee_wa_tunduma
Crown boy mwanangu, mjini unaona kwa sababu kuna taa za barabarani, hata ukiwasha tochi ya simu utafika. Sisi tunaoshuka na semi toka Tunduma ndo tunajua hizo 6500K zenu zinafanya nini. Umekaa juu kwenye lori lakini bado inakupiga usoni, unapishana nayo halafu kwa muda unaona doa tu jeusi mbele, na kwenye hilo doa ndo kuna bodaboda haina taa ya nyuma. Mimi umri umeenda, macho ya mtu mzima yanachelewa kurudi baada ya kumulikwa, na hiyo ya bluu ndo mbaya kuliko zote. Halafu ukimpiga fulu kumkumbusha apunguze anakujibu na yeye kwa fulu, kumbe ile ya kwanza ilikuwa dimu! Kijana wa Chalinze chukua rangi yoyote utakayopenda lakini nakuomba kama mzazi wako, dimu iwe dimu.

crown_boy
Shikamoo mzee. Sijabisha kwenye kumulika, zangu ziko kwenye projekta (taa yenye lenzi ya duara mbele) zina mstari umekatwa sawasawa hazipandi juu. Nasema rangi tu.

fundi_waya
Marahaba kwa niaba ya mzee 😂. Na hapo crown_boy amegusa penyewe bila kujua. Crown yake ina projekta, IST ya mkuu ina reflekta, hivyo ni vitu viwili tofauti.

Mkuu wa Chalinze, itoe hiyo H4 yako ya zamani uiangalie karibu. Ndani kuna nyaya mbili za kuwaka, moja ya fulu na moja ya dimu, na chini ya ile ya dimu kuna kisahani kidogo cha chuma kimejikunja kama kijiko. Hicho ndo kinazuia mwanga usipige nusu ya chini ya reflekta, kwa sababu ukipiga kule unarushwa juu kwenye macho ya watu. Reflekta yote imechongwa ikitegemea waya uko pale pale ulipo na kisahani kiko pale pale. LED nzuri ya H4 ina vichipu vyembamba vilivyokaa sehemu ile ile ya waya, na kibati chini ya vichipu vya dimu. LED mbovu ina vichipu vinene, vimekaa mbele kidogo au nyuma kidogo, ubao wenyewe mnene, matokeo mwanga unatawanyika. Unaona mbele ya gari kweupeee karibu mita 15 hivi unafurahi, kumbe kule mbali unakotakiwa kuona hakuna kitu.

Ukifunga hakikisha vichipu vinatazama kushoto na kulia, yaani kama saa 9 na saa 3 kwenye saa ya ukutani, visitazame juu na chini. Nyingi zina ringi inazunguka, unalegeza kaskurubu kadogo unaizungusha. Halafu ukuta. Simamisha gari sehemu tambarare mita 10 toka ukutani, tairi zina upepo wa kawaida, pima toka chini mpaka katikati ya taa, weka alama ukutani kwa urefu huo huo. Mstari wa dimu unatakiwa ukae kama sentimita 10 chini ya alama, upande wa kulia ulale na wa kushoto uinuke kidogo. Ukiona mwanga umetapakaa ukutani hauna mstari wowote, hiyo balbu haifai kwenye taa hiyo hata iwe imeandikwa 4300K ya dhahabu, irudishe. Ndo maana nunua kwa mtu atakayekubali kubadilisha.

mama_wawili
Samahani naingilia. Mimi nina Vitz na nilikuwa na malalamiko hayo hayo ya mwanga hafifu, na sikuweka LED kabisa. Fundi aliniambia niangalie kwanza kioo cha taa, kilikuwa kimekuwa cha njano na ukungu ukungu kwa jua. Wakapiga msasa wa maji kuanzia 800, 1500, mpaka 2000, wakaipolishi, wakapuliza clear ya kuzuia jua juu yake. Nikanunua na H4 mpya za kampuni inayojulikana za kawaida. Tofauti kubwa sana wallahi. Gari zetu hizi za mwaka 2003, 2004 kioo kimeshachoka, ukiweka LED kali nyuma ya kioo chenye ukungu utawaka kioo kizima, mwanga hautoki unapotakiwa. Na wale wanaosugua dawa ya meno, inang'aa kweli ila baada ya muda mfupi inarudi kwa sababu hakuna cha kukinga jua.

fundi_waya
Dada umeongea. Nilikuwa nalifikia hilo. Na ongezea volti. Gari ikiwa inaunguruma pima kwenye soketi ya taa yenyewe sio kwenye betri. Betri ikisoma 14 na soketi inasoma 12 na kitu, waya au ethi (waya wa negative unaofungwa kwenye bodi) imeoza, na halojeni inaumia sana kwa hilo, volti zikipungua asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30. Wengi wanaosema halojeni haina mwanga ni hapo tu, ungewafungia rilei (swichi za umeme) mbili na waya mpya toka kwenye betri wangenyamaza. Ila tu usije ukaweka halojeni za wati 100/90 kwenye waya za zamani, hizo ndo zinayeyusha soketi na reflekta kweli, maana joto lake linatoka mbele. LED joto lake liko nyuma kwenye feni na lile pande la aluminiamu, kwa hiyo usiibane kwa ule mpira wa nyuma mpaka feni ikose hewa, wala usiuache wazi kabisa maana vumbi la huko na maji yataingia kwenye reflekta. Mpira unakatwa tundu kwa kipimo.

kijana_wa_limuru
Sasa wadau, niko Kenya huku. Hiyo swali ya ukungu niachieni mimi kwa sababu huku Limuru kushuka Mai Mahiu, na hata Kinungi, kuna miezi ukungu ndio hali ya kawaida, unaendesha ukiangalia ule mstari wa njano wa pembeni pekee.

Taa kubwa nyeupe kwenye ukungu inakurudishia ukuta mweupe, na ukiweka fulu ndio mbaya kabisa. Watu husema njano inapenya ukungu, si kweli hivyo. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuliko mawimbi ya mwanga, yanatawanya rangi zote karibu sawa, njano haina uchawi wowote wa kupita. Kitu njano inasaidia ni macho yako, ile bluu imeondolewa kwa hivyo mwanga unaokurudia haukuchoshi sana. Wafaransa waliamini njano hadi wakaifanya sheria, tangu 1937 mpaka 1993 gari zao zilikuwa lazima ziwe na taa kubwa za njano.

Mimi hutumia hivi: taa kubwa 4300K, na taa za ukungu pale chini kwenye bampa 3000K. Ukungu ukiingia naweka dimu pamoja na zile za chini, napunguza mwendo. Kazi kubwa inafanywa na pahali taa iko, iko chini na mwanga wake ni mpana na umekatwa juu, unapiga lami chini ya ukungu hauji machoni. Kama IST yako haina za ukungu, weka seti ya ukungu ya kweli yenye lenzi yake, usiweke zile spotlaiti za mraba za kumulika kila mtu. Na kabla ununue balbu soma kitako cha ile ya zamani, za ukungu si H4, gari nyingi za Toyota ni HB4, H11 ama H16, inategemea mwaka.

mtoto_wa_chalinze
Aisee asanteni sana, nimejifunza vitu hapa ambavyo sikuviuliza hata. Kaka wa Limuru hiyo ya kuweka njano chini nimeipenda, IST yangu ina sehemu za fogi (taa za ukungu) kwenye bampa zimezibwa na plastiki tu. Mzee wa Tunduma shikamoo, nimekusikia. Na zile za rangi tatu mnazionaje? Si zingemaliza kazi, kawaida nyeupe, ukungu unageuza njano?

agiza_japani
Rangi tatu sizipendekezi kwenye H4. Ili zitoe nyeupe na njano lazima zipange vichipu vya aina mbili kwa pamoja kwenye ule ubao, na hapo ndo unapoteza ile sehemu halisi ya waya aliyoisema fundi, kundi moja litakaa sawa lingine litakaa pembeni. Halafu zinabadilika kwa kuzima na kuwasha, yaani upo kwenye kona ya Kitonga unazima taa ili ubadilishe rangi? Hapana. Kwenye fogi sawa, huko hazina madhara makubwa.

Kuhusu rangi na sheria, kwa kuwa gari zetu nyingi zinatoka Japani nawapa hii: kule gari iliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 2006 taa kubwa lazima iwe nyeupe ndo ipite ukaguzi, za kabla ya hapo nyeupe au njano hafifu vyote ruksa. Za ukungu mpaka leo nyeupe au njano. Bluu hapana. Ndo maana kule 6000K kidogo ni kama ukingo, ukivuka hapo mkaguzi anaanza kukuangalia vibaya. Uingereza wao wamekaza zaidi, taa iliyotengenezwa kwa halojeni ukiiwekea LED gari haipiti ukaguzi wa mwaka, na Ujerumani kuna LED chache tu zilizoruhusiwa tangu 2020 tena kwa orodha ya magari maalumu. Huku kwetu trafiki utakayekutana naye Mikese au Ruaha Mbuyuni hana kipima Kelvini, anachoona ni kama umemmulika. Bluu na nyekundu mbele ndo usijaribu, utasimamishwa kila kizuizi.

mzee_wa_tunduma
Na ile hifadhi ya Mikumi katikati, usiku pita taratibu, fulu washa pale tu ambapo hakuna anayekuja. Nyati mweusi usiku hana rangi ya Kelvini yoyote inayomsaidia, unaona macho tu yanang'aa na ukichelewa huyaoni. Tembo ndo macho yake hata hayang'ai sana, unaona ukuta.

crown_boy
Mzee umenitisha sasa 😅. Haya mi nitabaki na 6500K yangu mjini lakini nikiagiza tena nitaulizia 5000K, nione. Ila sijasema nimekubali.

mtoto_wa_chalinze
Wakuu mrejesho. Nimeanza na kioo kama alivyosema mama_wawili, kimesafishwa kimepulizwa clear. Soketi ya kushoto ilikuwa na kutu, fundi kabadilisha pamoja na ethi. Nimechukua LED za 4300K za H4 zenye vichipu vyembamba kila upande, tumefunga, tumepima ukutani, mstari upo unaonekana vizuri kabisa. Za ukungu 3000K nitafunga mwezi ujao.

Swali moja la mwisho: nikiweka fulu, taa zenyewe zinaenda fulu vizuri lakini ile alama ya bluu kwenye deshibodi haiwaki, au inawaka kwa mbali sana. Na redio FM inakoroma nikiwasha taa. Ni waya nimekosea au balbu mbovu?

fundi_waya
Hujakosea mkuu. Toyota nyingi za H4 zinawashwa kwa upande wa negative, yaani chanya ipo muda wote taa zikiwa zimewashwa, swichi ya dimu na fulu inachagua tu ethi ipite wapi. Ile taa ya bluu ya deshibodi ilikuwa inapata njia yake kupitia kwenye waya wa kuwaka wa halojeni. LED ina saketi yake ndani, njia hiyo haipo tena, ndo maana inafifia au inazima kabisa. Kuna adapta ndogo ya H4 ya negative inauzwa, inachomekwa kati ya soketi na balbu, ukiuliza sema ya Toyota watakuelewa. Uiweke, usiendeshe bila hiyo alama, utasahau fulu na mzee wa Tunduma atakukuta.

Redio ni kidude cha kuendeshea LED, kile kiboksi kwenye waya, kinapiga kelele za umeme. Jaribu kwanza kukihamisha mbali na waya wa antena na ukifunge kwenye bodi kwa kibano, kisha viringisha waya wake mara kadhaa kwenye ile ringi nyeusi ya feraiti, maduka ya vifaa vya elektroniki wanazo. Kama bado inakoroma hapo rudisha, kuna ambazo zimetengenezwa bila kichujio kabisa na hizo hazina dawa.

mtoto_wa_chalinze
Adapta nimeipata, alama ya bluu imerudi. Redio bado inakoroma kidogo stesheni za mbali tu, za karibu safi. Hiyo ringi ya feraiti nitaitafuta Jumamosi.